Binti Aliyetekwa na Meseji

Sehemu ya Nne

Msomaji ambaye hukuwa nasi wiki iliyopita, usihangaike kutafuta gazeti ambalo sasa hivi limeshafungiwa maandazi. Mambo yalikuwa hivi.

Rachel na mumewe Elirehema, watu wa Nkoaranga, wana kampuni ndogo ya kupandisha wageni Mlima Meru. Mume anapanda. Mke anakaa ofisini Arusha mjini, ghorofani, anajibu barua pepe na meseji. Safari hii Elirehema alipanda na mgeni mmoja tu, binti wa Dodoma aitwaye Princess, aliyemaliza chuo na kupewa mlima na baba yake kama zawadi.

Siku waliyoondoka, Rachel alikuwa kwenye intaneti akitafuta hali ya hewa ya kule juu. Katikati ya ukurasa likatokea tangazo: kivinjari chako kimepitwa na wakati, bonyeza hapa ukisasishe. Akabonyeza. Hakuna kilichoungua wala kilicholia. Akaendelea na kazi zake.

Kisha asubuhi ya leo simu ikaita. Alikuwa baba yake Princess, na hakusalimia.

"Mmemfanya nini mwanangu?"

Hapo ndipo tulipomwacha Rachel, simu sikioni, chai inapoa mezani.

"Shikamoo, baba," alisema Rachel.

"Usiniamkie! Nimekuuliza, mwanangu yuko wapi?"

"Yuko mlimani, baba. Yuko na mume wangu na askari wa hifadhi. Leo wanashuka."

"Basi hii meseji uliyonitumia ni ya nini?"

"Meseji gani?"

Baba Princess akasoma. Sauti yake ilikuwa inakatika kama ya mtu anayesoma tanzia. "'Mzee, binti yako tunaye. Ukitaka ashuke mzima, lipa kabla jua halijazama. Ukipiga simu kwake hutampata. Ukienda polisi hutampata kabisa.' Na picha umeweka. Mwanangu amekaa juu ya jiwe, amevaa koti jekundu, uso umemshuka. Unataka kuniambia huyu si Princess?"

Picha ile Rachel aliijua. Princess mwenyewe aliituma jana kwenye namba ya kampuni, amefika kambini amechoka, na chini yake ameandika, 'Dada Rachel, miguu si yangu tena!' Rachel alikuwa ameicheka.

"Baba, sijaandika mimi."

"Namba ni yako."

"Najua, lakini..."

"Jina la kampuni ni lenu. Picha ametumiwa nani kama si wewe? Na aliye na mwanangu huko msituni ni nani kama si mume wako?"

Rachel akafungua mazungumzo yake na mzee huyo kwenye kompyuta. Meseji ya mwisho ilikuwa ya juzi: 'Princess amefika salama, baba. Barikiwa.' Chini yake hapakuwa na kitu.

"Baba, kwangu haipo."

"Umeifuta!" Akakata simu.

Alimpigia Elirehema. Haipatikani. Akarudia. Haipatikani. Mtandao wa Meru unajulikana: kona moja unashika, ukisogea jiwe moja umekwisha. Siku nyingine hilo halimsumbui. Leo alipiga mara ya tatu, na ya nne.

Akamwita Namnyaki.

Namnyaki anafundisha kompyuta kwenye chuo kimoja pale mjini, na Jumapili wanaimba kwaya moja na Rachel. Alikuja mbio, laptopu yake begani, hata hakukaa.

"Kabla sijagusa kitu," alisema, "wiki hii umebonyeza nini ambacho si kawaida yako?"

"Sijabonyeza kitu."

"Rachel. Fikiri."

"Labda lile la kusasisha kivinjari."

"Lilitokea wapi?"

"Kwenye ukurasa wa hali ya hewa. Katikati."

Namnyaki akafumba macho kidogo. "Kivinjari hakiji kuomba kusasishwa katikati ya ukurasa wa watu wengine. Ukitaka kukisasisha, unaingia mwenyewe kwenye mipangilio yake, inakuambia kama kuna kipya. Hilo lililokuja lenyewe ni mtu aliyebisha hodi amevaa koti la mumeo."

Akainama kwenye kioo, akaonyesha kwa kidole juu, pembeni. Palikuwa na kialama cha rangi ya chungwa ambacho Rachel alikuwa akikiona siku zote hizo bila kukiona.

"Hiki umekiweka wewe?"

"Sijui hata ni nini."

Namnyaki akakifungua. Kilikuwa programu ndogo iliyojipachika kwenye kivinjari, ikijiita Msaidizi. Chini ya jina hilo zilikuwepo ruhusa zake: kusoma na kubadilisha kila kitu kwenye kila tovuti unayofungua.

"Kiliuliza, ukasema ndiyo," Namnyaki alisema taratibu.

Rachel alikumbuka. Neno 'Ruhusu', la buluu. Alilibonyeza kama mtu anayemfukuza nzi.

"Kwa hiyo wana neno langu la siri?"

"Hata hawakulihitaji. Wewe uliingia, wao wakakaa ndani ya kivinjari wakawa wanaona unachoona. Barua pepe, WhatsApp unayofungulia hapa, vyote. Wanasoma, wanaandika, wanafuta walichoandika kabla hujakiona."

"Hata sasa hivi?"

Namnyaki alikwenda kwenye kisanduku cha intaneti, akang'oa waya ukutani.

Rachel alijikuta akiitazama ile kompyuta yake ya miaka yote, yenye stika ya usharika pembeni, kama mtu anayetazama godoro baada ya kuambiwa kuna nyoka chini yake.

"Nipe simu yako," Namnyaki alisema. "Hii hukubonyezea kitu?"

"Hapana. Ilikuwa kompyuta tu."

Kwa simu hiyo, wakiwa kwenye mtandao wa simu, walitoa vifaa vyote vilivyounganishwa na WhatsApp ya kampuni. Wakaingia kwenye barua pepe, wakaifunga kila mahali ilipokuwa imefunguliwa, wakabadilisha neno la siri, wakaweka na ulinzi wa pili, ule wa kuletewa namba kwenye simu kila unapoingia.

"Hili la mwisho ungeliweka zamani," Namnyaki alisema.

"Niliambiwa. Niliona ni usumbufu."

"Kila mtu huona hivyo."

Rachel akampigia Baba Princess, safari hii kwa simu ya Namnyaki. "Baba, tafadhali usikate. Tumeingiliwa. Kuna wezi wameingia kwenye kompyuta yetu. Princess hajatekwa na mtu."

"Nitajuaje?"

"Nakuapia."

"Kiapo chako sikitaki. Nataka sauti ya mwanangu. Polisi nimeshawapigia, wanakuja hapo kwako. Na mimi naelekea benki, maana mtoto ninaye mmoja."

"Baba, usiwalipe!"

Alikuwa ameshakata.

Wakapiga simu kwenye lango la hifadhi, Momela. Askari aliyepokea alisikiliza, akasema subirini niulize kwenye redio ya upepo. Rachel alisikia mkwaruzo, sauti za mbali, mtu anacheka. Aliona ajabu kwamba duniani bado kuna mtu anacheka.

"Mama, wapo," askari alirudi kusema. "Wametoka kambi ya juu salama, sasa hivi wanaingia kambi ya chini, Miriakamba. Wanapumzika hapo, wanakula, halafu wanateremka kwetu. Binti mzima, mumeo mzima."

Rachel akakaa chini sakafuni. Si kwenye kiti. Sakafuni.

"Ee Mungu, asante," alisema, na Namnyaki akacheka kwa mara ya kwanza, akamvuta mkono ainuke.

Laiti mambo yangeishia hapo.

Simu ya Namnyaki ikaita. Mpelelezi wa polisi, Afande Saruni, aliyepewa namba hiyo na Baba Princess, alikuwa chini barabarani anatafuta mlango. Anataka pia nakala ya taarifa zote za safari ya binti: kitambulisho, njia watakayopita, namba za ndugu.

"Ziko wapi?" Namnyaki aliuliza.

"Kwenye barua pepe."

"Hiyo kompyuta yako usiiguse. Tumia yangu. Nakuja naye."

Akashuka ngazi. Rachel akafungua laptopu ya Namnyaki, akaiunganisha na intaneti ya simu, akafungua kivinjari, akaandika jina lake na neno la siri jipya. Namba ya ulinzi ikaja kwenye simu, akaiandika. Alijisikia vizuri kidogo. Alikuwa anafanya mambo kwa utaratibu.

Kivinjari kikamuuliza: ungependa kurudishiwa vitu vyako vyote vilivyokuwa kwenye akaunti hii?

Alitaka vitu vyake. Akabonyeza ndiyo.

Akaipata barua ya safari ya Princess, akaanza kuipakua. Nambari za upakuaji zikasogea. Kurasa alizozihifadhi zikajipanga. Kisha, juu kabisa, pembeni, kikachomoza kialama cha rangi ya chungwa.

Rachel aliondoa mikono kwenye vibonyezo kana kwamba vimemchoma.

Hakugusa kitu, lakini kioo kilicheza. Kwenye orodha ya barua zilizotumwa ikaongezeka barua moja, juu ya nyingine zote. Aliona jina la anayeandikiwa: Princess. Aliona maneno ya kwanza: 'Mdogo wangu, huyu uliye naye...'

Halafu ile barua ikapotea. Ilitoweka mbele ya macho yake, mchana kweupe.

"Namnyaki!" alipiga kelele. "Namnyakiii!"

Namnyaki aliingia mbio, nyuma yake mwanamume mrefu aliyevaa koti la kiraia. Akatazama kioo mara moja tu.

"Umeingia na akaunti yako ya kivinjari?"

"Si uliniambia nitumie yako!"

"Na ukakubali kurudishiwa vitu vyako."

"Ndiyo."

"Yesu wangu," Namnyaki alisema. Alikata intaneti. "Kosa ni langu. Sikukuambia. Hiki kidudu hakikukaa kwenye mashine peke yake, kilijiandikisha kwenye akaunti yako. Unakokwenda kinakufuata. Kufuli tumebadilisha, halafu mwizi tumeingia naye ndani tumemshika mkono."

"Kuna barua wametuma kwa Princess. Nimeiona. Wameifuta."

Namnyaki alichukua simu ya Rachel, akaingia kwenye barua pepe, akaenda moja kwa moja kwenye jalala, mahali ambapo barua zilizofutwa hukaa kabla hazijapotea kabisa. Ilikuwepo.

Akaisoma kwa sauti. Afande Saruni alisimama nyuma yake, mikono mfukoni.

'Mdogo wangu, huyu uliye naye anatafutwa na polisi. Ni mume wangu na naona aibu kukuandikia, lakini kuna mabinti wengine aliowafanyia ubaya na mimi sitaki uwe mmoja wao. Askari aliye naye ni mwenzake. Usimwonyeshe kwamba unajua. Zima simu kabisa, anaweza kukufuatilia kwayo. Aga kama unakwenda msalani, chukua njia fupi uteremke peke yako, kuna gari litakuwa linakusubiri chini. Usimwamini yeyote atakayekuita kwa jina. Barikiwa. Rachel.'

Rachel aliichukua simu, akaisoma mwenyewe.

'Barikiwa.' Ndivyo Rachel anavyomalizia kila barua yake. 'Mdogo wangu.' Ndivyo anavyowaita mabinti wote wanaokuja kupanda. Walikuwa wamemsoma siku zote hizo, mpaka wakajifunza kusema kama yeye. Na kitu kilichomtisha kuliko vyote, ambacho hakumwambia mtu, ni kwamba kwa kufumba na kufumbua hata yeye alimwona Elirehema akiwa mtu huyo. Miaka yote ya ndoa, na maneno machache ya mwizi yalitosha.

"Kwa nini wafanye hivi?" aliuliza. "Wanataka fedha ya mzee. Binti wana haja naye gani?"

"Hawana haja naye," Namnyaki alisema. "Wanataka tu simu yake izimwe. Mzee akimpata mwanawe hewani halipi. Asipompata, analipa. Hata huko mlimani hawapajui. Hiyo njia fupi wameitoa kwenye barua zako."

"Na gari?"

"Hakuna gari."

Rachel alikuwa ameshaanza kumpigia Princess.

Simu ikaita.

Iliita! Mara ya kwanza tangu asubuhi simu ya mlimani kuita. Rachel akaishika kwa mikono miwili. "Pokea, mdogo wangu, pokea, pokea..."

Ikakatwa. Haikukatika. Ilikatwa, na mtu.

Akapiga tena. Namba unayopiga haipatikani kwa sasa.

"Ameisoma," Afande Saruni alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu aingie.

Wakapiga tena simu Momela. Yule askari wa lango alipokea, lakini safari hii hapakuwa na anayecheka nyuma yake.

"Mama, ni vizuri umepiga. Mumeo ameita kwenye redio. Walikuwa wanakula pale Miriakamba, binti akaaga anakwenda msalani. Hajarudi. Koti lipo, begi lipo, mwenyewe hayupo. Mumeo na askari aliye naye wameingia msituni kumtafuta."

"Njia gani?"

"Hawajui, ndiyo wanahangaika. Hivi nyinyi mnajua kitu?"

"Njia fupi! Mwambie njia fupi!"

"Mama, hiyo ndiyo mbaya. Tangu juzi kuna kundi la nyati limekaa huko, wana ndama. Hatumruhusu mtu apite bila bunduki."

"Mwambie, baba yangu, mwambie!"

"Na ukungu umeshashuka," askari aliongeza, kama anayezungumza na nafsi yake. Akaenda kwenye redio.

Rachel alitazama dirishani. Kutoka ofisini kwake, siku njema, mlima unaonekana wote mpaka kileleni, juu ya mabati ya mji. Sasa hapakuwa na mlima. Palikuwa na wingu jeupe, zito, limekaa pale pale ulipotakiwa kuwepo.

Afande Saruni akatoa mikono mfukoni. "Mama, nilipokuwa napanda ngazi zako nilikuwa na kesi ya wizi wa mtandao. Sasa nina binti aliyepotea kweli. Mtu wa mwisho kuwa naye ni mumeo, na barua iliyomtoa kambini ina jina lako chini."

"Afande, umeona mwenyewe..."

"Nimeona kialama cha chungwa. Mimi nakuamini. Sijui kama hakimu atakiona. Hizo mashine mbili zisizimwe, zisifutwe kitu, zisirudishwe kwenye intaneti, ndiyo ushahidi wako pekee. Dada huyu atabaki nazo mpaka mtu wangu aje. Wewe vaa koti. Tunakwenda Momela."

Namnyaki akamshika Rachel bega. "Nenda. Hicho kidudu nitakitoa kwenye akaunti yako kupitia simu yangu, na kila aliyewahi kuandikiwa na kampuni nitampigia kwa mdomo, mmoja mmoja, asiamini kitu chochote kinachotoka kwenu leo. Nenda."

Rachel alikuwa na mkono mmoja ndani ya koti simu ya Namnyaki ilipoita tena. Baba Princess.

Akaipokea. Alijiandaa kutukanwa. Lakini sauti iliyokuja ilikuwa laini, ya mtu mzima aliyechoka.

"Mama Rachel, nisamehe."

"Baba..."

"Acha niseme. Afande amenipigia akiwa njiani kuja kwako, amenieleza jinsi watu hawa wanavyofanya. Kisha nimepiga simu mwenyewe langoni mwa hifadhi, wakaniambia mwanangu ameonekana Miriakamba, mzima. Nilikuwa nimeshafika dirishani, nimeacha foleni nimetoka nje. Nimekaa kwenye ngazi za benki nalia kama mtoto. Nimekutukana bure, mama. Ilikuwa uongo mtupu. Princess hajapotea, sivyo?"

Afande Saruni alikuwa amesimama mlangoni, anamsubiri. Namnyaki aliziba mdomo kwa kiganja.

Rachel angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwepo ulimini, fupi, na lingempa mzee yule nusu saa ya amani.

"Baba," alisema, "ilikuwa uongo. Sasa hivi si uongo tena. Princess amekimbia. Wamemwandikia kwa jina langu kwamba mume wangu ni mtu mbaya, naye ameamini. Yuko msituni peke yake. Tunakwenda kumtafuta."

Rachel alisikia magari ya Dodoma yakipita kwenye simu.

"Baba, uko hapo?"

"Ngoja," mzee alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ngoja kwanza. Kuna meseji imeingia sasa hivi. Inatoka kwa Princess."

"Kwa Princess mwenyewe? Baba, angalia vizuri, usibonyeze kitu chochote kilichomo..."

"Hakuna cha kubonyeza. Ni maneno tu. Ameniita jina ambalo ananiita nyumbani peke yake. Ni yeye."

"Anasemaje?"

Mzee akasoma, pole pole, kila neno likimgharimu.

"'Baba, nimewasha simu kidogo tu. Nimejificha juu ya mti. Elirehema anapita hapa chini yangu na mtu mwenye bunduki, wananiita jina langu. Usiogope. Sitaitika.'"

Mzee alikata, na baada ya dakika moja akapiga tena.

"Nimempigia," mzee alisema. "Ameshazima."